Kusahihisha Tarakimu si Kuzipika

Imeanza kuenea kauli, miongoni mwa wasomi na wasiokuwa wasomi, kwamba mtaalamu akishaigusa tarakimu aliyoipokea kutoka kwenye kipimo basi amekwisha kuipika. Kauli hiyo huelekezwa hasa kwa wataalamu wa hali ya hewa. Tumeisikia hata katika mabaraza ya hapa petu pwani, ambako wazee wanaoona maji ya bahari yakila minazi yao huambiwa kwamba dunia inapata joto, nao huuliza: tutaaminije, ikiwa wenye hesabu ndio hao hao wanaozibadilisha? Swali hilo ni la haki na halistahili kujibiwa kwa kebehi. Sisi tungependa kulijibu kwa mfano wa kituo kimoja kilicho mbali sana na kwetu, ambacho hata hivyo hesabu zake zinatuhusu.

Kituo hicho kinaitwa Byrd, nacho kipo katika Antaktika ya Magharibi, yapata nyuzi 80 kusini ya Ikweta, juu ya barafu yenye unene unaozidi kilometa mbili. Wamarekani walikijenga mwaka 1957, wakati mataifa mengi yalipokubaliana kuichunguza dunia kwa pamoja katika ule ulioitwa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia. Kwa miaka kadhaa watu waliishi huko kiangazi na kipupwe, wakisoma vipimajoto na kuandika walichokiona. Wastani wa joto la mwaka mzima mahali hapo ni karibu nyuzi 27 au 28 za sentigredi chini ya sifuri. Majengo ya kwanza yalielemewa na theluji mpaka ikabidi kujenga mengine. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakaacha kukaa huko wakati wa kipupwe, na mwaka 1980 ukawekwa mtambo unaojiendesha wenyewe, ambao hupima na kupeleka habari kwa njia ya satelaiti.

Msomaji atauliza, yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu barafu ya upande huo wa Antaktika imekalia ardhi ambayo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo ni dhaifu kuliko ile ya mashariki. Sehemu yake iliyo katika hatari hiyo ikimalizika, usawa wa bahari duniani utapanda kwa zaidi ya meta tatu. Jambo hilo si la kesho wala la mtondogoo, litachukua vizazi vingi. Lakini mtu wa Pangani, wa visiwa vya Rufiji au wa Michamvi hana bahari nyingine isipokuwa hiyo hiyo moja inayopokea maji ya barafu ya kusini. Na katika eneo lile lote la katikati ya Antaktika ya Magharibi, kumbukumbu ya joto iliyoanza tangu miaka ya 1950 ni moja tu, ya Byrd. Ikipotoka hiyo, hakuna jirani wa kuisahihisha.

Nayo ilikuwa imepotoka. Kwanza, ilikuwa na mapengo: karibu theluthi moja ya vipimo vilivyopaswa kuwapo tangu 1957 haikuwapo. Mtambo ule hutegemea betri na nguvu za jua, na huko jua huzama likakaa miezi ipatayo minne bila kuonekana. Betri ikiisha katikati ya giza hilo, hakuna mtu wa kwenda kuitazama mpaka kiangazi kifike. Pili, kipimajoto kilichosomwa kwa jicho mwaka 1960 na kifaa cha umeme cha mwaka 1980 si ndugu wa tumbo moja; kila kimoja kina tabia yake, na mwenye kuziunganisha hesabu zake hana budi kuzijua tabia hizo. Tatu, na hili ndilo lililokuwa baya zaidi, mtambo wenyewe ulikuwa na hitilafu ambayo hakuna aliyeifahamu.

Profesa David Bromwich wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake hawakukaa ofisini wakakisia. Vifaa vya Byrd viliondolewa kwenye barafu vikarudishwa Wisconsin, kwa watu wanaoiangalia mitambo hiyo, vikapimwa upya mbele ya joto linalojulikana. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba palikuwa na makosa katika programu iliyokuwa ikigeuza dalili za umeme kuwa nyuzi za joto. Kosa likishajulikana ukubwa wake, tarakimu za nyuma zinaweza kusahihishwa, kama vile muuza duka aliyegundua kwamba jiwe lake la kilo limepungua anavyoweza kurudi kwenye daftari na kurekebisha mauzo yote aliyoyapima kwa jiwe hilo. Mapengo nayo yalijazwa kwa msaada wa hesabu za kompyuta zinazounganisha vipimo vya upepo, kani ya hewa na satelaiti kutoka dunia nzima. Na hesabu hizo zililinganishwa kwanza na siku ambazo Byrd ilikuwa na vipimo vyake yenyewe, ili ijulikane zinaaminika kwa kiasi gani.

Matokeo yalitangazwa Desemba 2012. Yalionyesha kwamba kati ya 1958 na 2010 joto la wastani hapo Byrd lilikuwa limepanda kwa nyuzi 2.4, na waandishi wakaongeza wenyewe kwamba tarakimu hiyo yaweza kuzidi au kupungua kwa nyuzi 1.2. Tunawaomba wasomaji waitazame hiyo nyongeza ya mwisho. Mtu anayepika hesabu hasemi kwamba huenda amekosea kwa nusu nzima ya alichokisema. Mpishi hutoa tarakimu moja, iliyonyooka, tena mara nyingi inayompendeza aliyemwagiza.

Wala hatusemi kwamba wataalamu hawakosei. Mwaka 2009 iligundulika kwamba katika kumbukumbu za kituo kingine cha Antaktika ya Magharibi, kinachoitwa Harry, zilikuwa zimeingizwa tarakimu za kituo cha Gill, ambacho kipo mamia ya kilometa kutoka hapo, juu ya barafu ielelayo baharini. Yaani hesabu za nyumba moja zilikuwa zimeandikwa katika daftari la nyumba nyingine, na kwa macho ilionekana kama Harry imepata joto kubwa. Kosa hilo lilionekana kwa sababu tarakimu zilikuwa wazi, kila mwenye kutaka akiweza kuzisoma, na walioshuku hawakuwa marafiki wa waliozitumia. Waliozihifadhi huko Uingereza walizirekebisha na wakatangaza kwamba wamezirekebisha. Wapo waliolifanya jambo hilo kuwa ushahidi kwamba elimu nzima ya hali ya hewa ni uongo. Sisi tunaliona kinyume chake. Daftari linalofungiwa kabatini halikutwi na kosa hata siku moja.

Kwa maoni yetu, tofauti kati ya kusahihisha na kupika haipo katika kubadilika kwa tarakimu. Ipo katika maswali ambayo karani yeyote mwaminifu anaweza kuyajibu: tarakimu ya kwanza bado ipo? Sababu ya kuibadilisha imeandikwa? Mtu mwingine, hata adui, akipewa hizo mbili, ataweza kuirudia kazi hiyo mwenyewe? Kule Byrd majibu yote ni ndiyo.

Na hapa hatuna budi kujitazama. Miaka mingi iliyopita, tukiwa katika ziara ya kikazi, tulioneshwa daftari la mvua la kituo kimoja ambacho hatutakitaja. Lilikuwa safi, halina hata mraba mmoja mtupu. Tulipomsifu kijana aliyelitunza, alitueleza bila kuficha kwamba Jumamosi na Jumapili hakuwa akifika kazini, kwa hiyo Jumatatu aligawa maji aliyoyakuta katika siku tatu, na kama kipimo kilikuwa kimefurika aliandika anachoona kinafaa. Hakuwa mwizi, alikuwa amekaripiwa na mkubwa wake kwa kuacha nafasi tupu. Mkubwa yule alitaka daftari lililojaa, na alilipata. Kijana huyo na Bromwich wote wawili walijaza mapengo. Lakini mmoja aliliacha pengo lionekane na akaeleza alivyolijaza; mwingine alilifukia, na hakuna kompyuta itakayolifukua.

Nchi yetu ina kumbukumbu za mvua na joto tangu enzi za Wajerumani. Zilipimwa bomani, katika misheni na katika mashamba makubwa. Baadaye kazi hiyo ilishikwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikabaki na mzigo wake. Leo ipo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yenye mitambo ya kisasa, na hata juu ya barafu ya Kilimanjaro wataalamu kutoka Marekani waliweka mtambo unaojiendesha mwaka 2000. Hayo ni mema. Hata hivyo mtambo wa leo hauwezi kutuambia mvua ya 1931 ilikuwaje. Hiyo imo katika madaftari yaliyoandikwa kwa wino, na baadhi yake yapo katika stoo za halmashauri na za mashamba ya zamani, yakisubiri mchwa.

Tunautaka uongozi wa kila wilaya uagize stoo hizo zifunguliwe, madaftari hayo yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa kama yalivyo, pamoja na makosa yake, mikato yake na miraba yake mitupu, kisha yakabidhiwe Mamlaka. Mtu asijitie kuyaandika upya ili yapendeze. Tena makarani waambiwe waziwazi kwamba siku ambayo hawakupima waandike kuwa hawakupima, na mkubwa atakayewakaripia kwa hilo ndiye anayestahili kukaripiwa.

Huko Byrd theluji inaendelea kulundikana. Kila mwaka mlingoti unakuwa mfupi zaidi, na kifaa kilichofungwa juu ya kimo cha mtu hujikuta kikikaribia barafu, mahali ambapo hewa ina baridi tofauti. Kwa hiyo watu hurudi, wakachimba, wakauinua, kisha wakaandika tarehe waliyouinua na ni kwa kiasi gani.