Chembe Nano na Haki ya Mgonjwa wa Ubongo

Miongoni mwa viungo vya mwanadamu ni vichache vilivyohifadhiwa kama ubongo, na hifadhi hiyo, ambayo ni neema adhimu katika siku za afya, huwa sababu ya taabu katika siku za maradhi. Mwaka 1885 tabibu wa Kijerumani Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi katika damu, akaona kuwa karibu kila kiungo kimeingia rangi ile ila ubongo na uti wa mgongo. Na uchunguzi wa miaka iliyofuata ukadhihirisha kwamba kuta za mishipa myembamba ya damu iliyomo ubongoni zimeshikamana barabara, hata dawa nyingi hukomea nje, ilhali maradhi yanaendelea kuangamiza ndani.

Kwa ajili ya kuvuka mpaka huo wataalamu wa leo hutengeneza chembe nano, ambazo ni vibebeo vya dawa vidogo mno: ukigawa mita moja mafungu bilioni, fungu moja ndilo nanomita, na vibebeo vingi havifiki hata nanomita 100 kwa upana. Baadhi yake ni vifuko vya mafuta viitwavyo liposomu, ambavyo Mwingereza Alec Bangham alivibainisha katika miaka ya 1960. Vingine hupakwa protini ambazo mishipa ya ubongo imezoea kuzipokea, ili dawa iingie pamoja nazo. Nyingi ya kazi hizi zingali katika maabara na kwa wanyama, nasi tusiwaahidi wagonjwa wa kifafa au wa kutetemeka kitu ambacho bado hakijathibiti.

Lakini ni makosa pia kuzihesabu habari hizi kuwa ni maajabu ya nchi za mbali yasiyotuhusu. Rai yangu ni kwamba elimu hii isipimwe kwa udogo wa chembe zake, bali kwa mzigo inaoutua mabegani mwa mgonjwa na muuguzi. Na kwa kipimo hicho ushahidi ulio wazi umetoka Afrika.

Ipo homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu iitwayo kriptokoka, ambayo huishi katika udongo na katika kinyesi cha njiwa, ikavutwa kwa pumzi, na aghalabu ikamshambulia mtu ambaye kinga yake imeshushwa sana na virusi vya UKIMWI. Huanza na kichwa kuuma siku nenda siku rudi, kisha shingo hukakamaa, macho huona ukungu, na fahamu hupotea. Dawa yake ya zamani, amfoterisini, huua kuvu kwa nguvu, lakini huunguza mishipa inamopitishwa, hupunguza damu, na hudhuru figo. Mgonjwa hulazwa na kutundikiwa dripu kila siku kwa muda wa juma zima, na damu yake hupimwa mara kwa mara ili figo na chumvi za mwili zisije zikaharibika pasipo kujulikana. Hospitali ya wilaya isiyo na vipimo hivyo hubakia baina ya hatari mbili: kuvu isiyotibiwa na dawa isiyochungwa.

Dawa hiyo hiyo ikitiwa ndani ya liposomu, madhara yake kwa figo hupungua sana, hivyo mgonjwa huweza kupewa kipimo kikubwa kwa mara moja. Utafiti uitwao AMBITION, uliofanywa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini kwa wagonjwa zaidi ya 800, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2022, ulilinganisha dripu moja ya dawa hiyo, ikifuatwa na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, na tiba ya dripu za siku saba. Baada ya majuma 10 walikuwa wamefariki asilimia 24.8 ya waliopewa tiba mpya na asilimia 28.7 ya wenzao. Na madhara makubwa yaliwapata asilimia 50 ya wa kwanza na asilimia 62 ya wa pili. Tiba mpya basi haikuwa dhaifu kuliko ya zamani, na ilikuwa na huruma zaidi. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Wagonjwa wa Kampala, Mbarara, Blantyre na Harare walitoa miili yao ili ukweli huu ujulikane, na baadhi yao hawakurudi makwao. Ni deni juu ya serikali zetu kwamba walio mfano wao wasiikose dawa iliyothibitishwa kwa maisha ya wenzao. Mwaka 2018 mtengenezaji wake alitangaza bei ya dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Mtu wa kilo 50 huhitaji vichupa 10 kwa dripu hiyo moja, ambavyo kwa bei ile vilikuwa dola 162.50.

Atasema msemaji kwamba zahanati zetu hazina hata dawa za kawaida, sembuse hizi. Hoja hiyo ina uzito, lakini naye ahesabu gharama ya kitanda kwa siku saba, dripu saba, vipimo vya kila mara, na figo zilizoharibika. Ndipo atambue kuwa urahisi wa dawa ya zamani ni wa dukani tu. Fauka ya hayo, kipo kipimo cha kijikaratasi kinachotoa jibu kwa muda wa dakika 10, ambacho huitambua kuvu katika damu kabla haijafika ubongoni.

Basi wizara zetu za afya ziviweke vitu vitatu hivi, kipimo, dawa ya liposomu na flusitosini, katika kila hospitali ya wilaya, kwa fungu la bajeti la kudumu, si kwa hisani ya wafadhili. Na vyuo vikuu vyetu vipewe mali na vyombo ili vijana wetu wajue kuzitengeneza chembe hizi wenyewe. Taifa lililotoa wagonjwa wa majaribio lina haki ya kutoa pia mafundi wa dawa, na haki hiyo haitaletwa na mwingine: ni sisi wa kuidai katika mabunge yetu na kuilipia kutoka katika hazina zetu.