Kindi hawa hawana injini

Kwa Kiingereza kindi hawa wanaitwa wapaaji, na hapo Kiingereza kinadanganya. Kwetu kuruka ni kwa ndege na pia kwa chura, kwa hivyo ukisema "kindi anayeruka" hujasema uongo. Mnyama huyu hapai. Anapanda mti, anajirusha, kisha anateleza hewani huku akishuka.

Vifaa vyake ni vichache. Ngozi yenye manyoya kutoka kifundo cha mkono hadi kifundo cha mguu, kijiti cha gegedu kifundoni kinachoitanua zaidi, na mkia bapa wa kumtuliza. Akikaribia mti anainua kifua, ngozi inashika hewa kama mwavuli, mwendo unapungua, anatua kichwa kikiangalia juu. Kisha mbio upande wa pili wa shina, maana huenda bundi yuko nyuma! (Congo na Uganda pia kuna wanyama wanaoteleza hivi, lakini si kindi hasa, na kijiti chao kiko kwenye kiwiko.)

Haya, tupige hesabu. Yule wa kaskazini mwa Amerika husonga mbele takriban mita 2 kwa kila mita 1 anayoshuka. Akijirusha kutoka mita 15 na kutua mita 5 juu ya ardhi, ana mita 20. Basi. Fyeka pengo la mita 30 na umemfungia mlango. Watakaobaki upande mmoja watazaana wao kwa wao.

Hayo yalitokea North Carolina, Marekani. Barabara ya Cherohala Skyway, iliyofunguliwa 1996, ilikata makazi ya kindi walioorodheshwa tangu 1985 kuwa hatarini kutoweka. Mwaka wa 2008 wataalamu wakasimamisha nguzo ndefu kando ya barabara, kama zile za simu. Kindi anapanda nguzo, anapata kimo alichonyimwa, anavuka. Kamera zimewanasa wakizitumia.

Kuna watakaocheka: pesa za umma kwa panya wa mitini? Mimi nasema hiyo ni kazi safi kuliko programu nyingi tunazoandika. Sisi huunda kitu kisha tukamlazimisha mtumiaji azoee. Hawa waliuliza kwanza mtumiaji anasafiri vipi. Kule Diani mbega wamewekewa ngazi za kamba juu ya barabara kwa sababu wao hutembea na kushika. Mpe mbega nguzo tupu uone kama itamsaidia.

Kinachoniudhi ni kwamba nguzo zilikuja miaka 12 baada ya barabara kufunguliwa. Mhandisi aliyepima upana wa lami angeweza kupima miti ya kando siku hiyo hiyo na kutia nguzo kwenye bajeti. Kimo cha mti, toa mita za kutua, zidisha kwa 2. Kikokotoo cha simu kinatosha.