Mpima Njia Ndiye Mwamuzi wa Kwanza

Jumamosi moja nilikuwa mgeni Elgon View, mtaa wa majumba na miti mirefu mjini Eldoret, na mwenyeji wangu akanichukua kwenda kutazama watoto wa majirani wakishindana kupanda farasi. Hapakuwa na bendi wala hema. Palikuwa na kiwanja cha majani kilichoinamia kidogo upande wa lango, viunzi vinane vya miti iliyopakwa rangi, meza ya mwamuzi, na wazazi waliokaa vitini wakinywa chai. Zawadi ilikuwa moja tu: kikombe cha mpandaji bora.

Akaingia binti wa miaka kumi hivi, juu ya farasi mdogo wa aina ya poni. Alikaa wima, mikono imetulia, hatamu hazikukazwa wala hazikulegea. Akaruka viunzi sita kama mtu asomaye barua aliyoiandika mwenyewe. Cha saba kilikuwa viunzi viwili vilivyofuatana. Poni akaruka cha kwanza, akafika mbele ya cha pili, akasita, akagoma. Akarudishwa, akagoma tena. Mara ya tatu kengele ikalia, binti akatolewa. Alitoka akimpapasa mnyama wake shingoni, akamwendea mtu mzima aliyemleta, akamwuliza: "Mjomba, nimekosea wapi?"

Mjomba akajibu kwa huruma: "Hukukosea, mwanangu. Farasi wako mdogo. Baba akijaliwa, atakununulia mkubwa."

Kikombe kikachukuliwa na mvulana ambaye farasi wake mrefu alivivuka vile viunzi viwili kama avukaye mfereji.

Watu walipokwisha kutawanyika nilikwenda nikapima kwa miguu baina ya kiunzi na kiunzi. Nilihesabu hatua nane za mtu mzima, nikapata jibu ambalo yule binti hakupewa. Kosa halikuwa lake, wala halikuwa la poni. Kosa lilikuwa la kipimo.

Msomaji asiyeujua mchezo huu na anivumilie nimweleze. Yako mashindano ya kuruka ambamo hesabu ni ya saa na miti iliyoangushwa, na humo farasi ana sehemu yake kubwa. Lakini yako pia mashindano ya upandaji. Humo mwamuzi hamtazami farasi. Humtazama aliye juu yake. Hutazama kikao, mikono, miguu, na namna mpandaji anavyomfikisha mnyama mbele ya kiunzi bila fujo. Ndiyo maana zawadi huitwa ya mpandaji.

Sasa tazama hesabu. Farasi mkubwa, akienda mbio za wastani, hatua yake moja huchukua kiasi cha mita 3.6. Akisha kuruka hutua kiasi cha mita 1.8 mbele ya kiunzi, na kwa kinachofuata huhitaji nafasi kama hiyo ya kunyanyukia. Jumlisha: mita 7.2. Ndizo zile hatua zangu nane, maana hatua ya mtu mzima hukadiriwa sentimita 90, na wapandaji hufunzwa kutembea njia nzima kabla ya kushindana, wakihesabu hatua nne za mtu kuwa moja ya farasi. Kwa hiyo yule farasi mrefu alitua, akapiga hatua moja, akaruka.

Poni je? Poni mdogo hatua yake huenda isizidi mita 3. Hutua mita 1.5 na huhitaji mita 1.5 za kunyanyukia. Katika zile mita 7.2 zinambakia mita 4.2, yaani hatua moja na karibu nusu. Hatua moja ni chache, mbili ni nyingi, na nusu hatua hakuna farasi aliyeumbwa nayo. Sisi tuliozoea mashairi twayajua haya: ukimpa mtu kibwagizo chenye mizani pungufu, hata awe malenga, atajikwaa. Kiunzi cha pili kingalisogezwa mita moja na kidogo tu, yule poni angalipita na mwamuzi angalipata cha kuamua.

Ndipo nasema, mwamuzi wa kwanza si yule aliyekaa mezani. Ni yule aliyekuja asubuhi na mapema na futi yake, akachimbia nguzo. Wa mezani hutoa alama kwa yale ambayo wa kwanza ameyaruhusu yatokee.

Wala si nafasi ya viunzi peke yake. Farasi akielekea langoni, njia ya kurudi zizini, huruka kwa hamu; akiliacha lango nyuma huwa mzito. Mteremko humrefusha hatua, mpando humfupisha. Na Eldoret ni mji wa nyanda za juu, kimo chake kwenye mita 2,100, ambako mvua ya alasiri ni jambo la kawaida kwa miezi mingi ya mwaka. Siku ile watoto wadogo waliwekwa mwisho, baada ya wakubwa kuukoroga uwanja. Aliyeanza aliruka juu ya majani, aliyefuata akaruka juu ya tope. Karatasi ya alama haina safu ya tope.

Mchezo huu una historia yake katika nchi ya Uasin Gishu, na si vema kujifanya hatuijui. Mwaka 1908 makaburu kutoka Afrika Kusini waliteremka Mombasa na wanyama wao, wakapanda treni mpaka Nakuru, kisha wakapandisha magari ya ng'ombe hadi uwanda huu. Mji ulioota juu ya shamba nambari 64, ambao wengi waliuita Sisibo, ukapewa jina la Eldoret mwaka 1912. Jina la Racecourse lingaliko, la mtaa na la wadi, ingawa anayelitamka leo huenda yumo katika matatu. Enzi hizo hapakuwa na haja ya kuuliza nani apande na nani ashike hatamu akimngojea bwana. Rangi ilikwisha kuamua. Leo wapandao ni watoto wa wananchi, na ni jambo la kufurahia. Lakini ikiwa tumeondoa kipimo cha rangi tukaweka cha mfuko wa baba, tumebadilisha kofia tu.

Wako watakaosema: dunia haina usawa, mtoto na aujue ukweli mapema. Mwenye jahazi kubwa hufika mbele ya mwenye ngalawa, na hakuna amlaumuye. Sawa, katika mbio za vyombo, na chombo kishindane. Lakini ukitangaza kwamba unapima mchele, usiupime pamoja na gunia. Tukisema zawadi ni ya mpandaji kisha tukampa mwenye farasi, hatumfundishi mtoto ukweli wa dunia. Twamfundisha kwamba maneno ya wakubwa hayana maana. Naye mvulana aliyeshinda tumemdhulumu pia, kwani huenda ni mpandaji hodari kweli, lakini hatalijua hilo kwa kikombe kile.

Usawa si jambo la kubuni leo. Nilikulia madrasa, na katika mashindano ya kuhifadhi Qur'ani aliyehifadhi juzuu tatu hawekwi fungu moja na aliyehifadhi thelathini. Swali hutoka kwa kura, si kwa hiari ya ustadhi ambaye mwanawe yumo. Alama za hifdhi zina mahali pake, za tajwidi mahali pake, na za sauti mahali pake, ili mwenye koo tamu asimfunike aliyehifadhi barabara. Na huko Lamu vijana hushindana juu ya punda kandokando ya bahari, bila tandiko, wanyama wenyewe wakikaribiana kimo. Huko Lamu pia watu hushindanisha punda aliyetunzwa vizuri, na humo mchukuzi asiye na kitu aweza kumpita tajiri, kwa kuwa kinachotazamwa ni utunzaji.

Hata wenye mchezo wenyewe wameliona tatizo. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi limeweka kuwa poni ni mnyama asiyezidi sentimita 148 begani bila viatu, na huwapa poni mashindano yao mbali. Lina pia mashindano ya dunia ambamo ramani moja ya viunzi hujengwa katika nchi nyingi kwa vipimo vile vile, ili mpandaji wa nchi changa alinganishwe na mwenzake bila kusafirisha farasi. Katika Olimpiki ya Vijana, tangu ile ya Singapore mwaka 2010, vijana hawaji na farasi wao. Hupewa wa kuazima. Na kwa miaka mingi, hadi Caen kule Ufaransa mwaka 2014, wanne wa mwisho katika ubingwa wa dunia wa kuruka walibadilishana farasi, kila mmoja akapanda wa wenziwe. Hapo hapakuwa na pa kujificha.

Basi haya ndiyo tunayowaomba wazazi na walimu wa Elgon View, na popote watoto wapandapo. Poni wawe na fungu lao, na viunzi visogezwe fungu lao linapoingia. Kazi ya watu wawili na dakika kumi. Ramani ya njia ibandikwe asubuhi pamoja na umbali kwa mita, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi hawezi kupiga hatua ya sentimita 90. Zamu ya kuingia ipigiwe kura, na wadogo watangulie kabla ya mvua na tope. Mzazi mwenye mtoto uwanjani asishike futi. Wawili au watatu wa mwisho wabadilishane farasi, pale wanyama wanapolingana na mwalimu akiridhika kwamba hakuna hatari. Na kila mtoto apewe karatasi yake ya alama, aone alipopungukiwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Atunzwe kwa kucheza, asitunzwe kwa kupimiwa. Yule binti aliuliza swali la mwanafunzi, nimekosea wapi, akapewa jibu la dukani. Kama angali anapanda, na apate kusikia kutoka kwa mtu mzima mmoja kwamba alipanda vizuri, na kwamba kiunzi cha pili kilikuwa mbali kwa mita moja na kidogo.