Sampu inayovuja ibadilishwe kabla ya kufika mpakani

Madereva wa Land Rover wana utani wao wa miaka mingi: gari likiacha kuvuja usifurahi, kapime oili, huenda imekwisha. Gerejini utani huo huchekesha. Namanga saa sita mchana hauchekeshi hata kidogo, gari likiwa limebeba vitunguu vya watu watatu, kibali cha kuingia kinakula siku zake na injini imenoki.

Magari haya hayajaisha barabarani. Oktoba 2024 Arusha ilikusanya mamia ya Land Rover katika tamasha lao, nyingi zikiwa za zamani, na waliokwenda kutazama waliona wazi kwamba si za maonyesho tu. Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, bado hubeba mahindi, magunia ya mkaa na ndama kati ya masoko ya mpakani, kwa sababu chesesi yake ni ngumu na fundi yeyote mwenye spana anaielewa. Kuibadilisha kwa nyingine si rahisi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Uganda ilifunga mlango kwa magari ya zaidi ya miaka 15 mwaka 2018. Aliye nayo hana budi kuitunza.

Ndiyo maana tabia moja ya wafanyabiashara wengi inastahili kupingwa waziwazi. Sampu ya oili inavuja, mwenye gari ananunua dumu la lita tano, analiweka nyuma ya kiti, na kila asubuhi anaongeza kidogo. Anasema ni nafuu kuliko kwenda gereji. Si nafuu. Oili anayoimwaga barabarani kwa miezi sita inaweza kulipia sampu, gasketi na ujira wa fundi, na bado gari lake litabaki linavuja.

Hatari yenyewe iko ndani ya injini. Injini ya petroli ya Land Rover hiyo, ya sentimita za ujazo 2,286, hubeba takriban lita 6 za oili kwenye sampu, na karibu moja zaidi kwenye filta. Pampu huivuta kutoka chini ya sampu kupitia chujio. Oili ikipungua, gari likipanda mlima au likikata kona kali, oili iliyobaki hukimbilia upande mmoja na pampu hunyonya hewa. Sekunde chache za namna hiyo zinatosha kuanza kukwangua beringi za krankshafti. Dereva haoni kitu. Wengi hutegemea taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi, lakini taa hiyo hupima presha, haipimi kiasi. Ikiwaka mlimani, uharibifu umekwisha kuanza.

Hapo hesabu hubadilika kabisa. Sampu ni kipande cha bati la chuma. Krankshafti ya kuchongwa upya, beringi mpya na kazi ya kushusha injini ni mtaji wa msimu mzima. Ikitokea upande wa pili wa mpaka, kibali cha muda cha gari kinaweza kuisha kabla fundi hajamaliza, na faini ni ya mwenye gari. Kadi ya Njano ya COMESA hutazama madhara aliyopata mtu mwingine katika ajali na matibabu ya waliokuwa ndani ya gari. Injini iliyokufa kwa kukosa oili haimo. Vitunguu navyo havingoji.

Lakini kabla ya kununua sampu, mwenye gari ahakikishe kwamba ni sampu kweli inayovuja. Hapa pesa nyingi hupotea. Oili hushuka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma, kwa hiyo kinachodondoka chini ya sampu huenda kimetoka juu kabisa, kwenye gasketi ya kava ya valvu. Injini ioshwe kwa dizeli, ikaushwe, ipakwe poda ya kawaida ya mtoto sehemu za chini, kisha gari liendeshwe kilomita kumi au kumi na tano. Poda itaonyesha njia ya oili. Land Rover ina ishara nyingine nzuri: chini ya nyumba ya klachi pana tundu dogo. Oili ya injini ikidondoka hapo, huenda tatizo ni sili ya nyuma ya krankshafti, na kubadilisha sampu hakutasaidia chochote. Fundi anayeanza kufungua bolti kabla ya kuosha injini anastahili kuulizwa maswali.

Ikiwa ni sampu, kazi yenyewe si ya kuogofya. Gari liwe mahali tambarare, lipigwe jeki na kuwekwa kwenye stendi imara au magogo mazito. Mtu asilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Oili imwagwe ikiwa ya uvuguvugu, maana ikiwa baridi uchafu hubaki chini. Bolti za pembeni zifunguliwe, mbili au tatu za mwisho zikiachwa zimelegea ili sampu isianguke na matope yote kumwagikia usoni. Sampu iliyoshikwa na silikoni ya zamani igongwe taratibu kwa nyundo ya mpira. Kuchomeka bisibisi katikati na kubinua kwa nguvu huacha mkwaruzo kwenye bloku, na mkwaruzo huo utavuja hata sampu ikiwa mpya.

Sampu ikishatoka, chujio la pampu lioshwe. Mara nyingi hukutwa limezibwa na vipande vya silikoni kutoka ukarabati uliopita. Fundi aliyepaka nyingi akidhani anasaidia ndiye aliyeizuia oili kufika kwenye beringi.

Kisha swali la kuchomea. Mafundi wengi hupendekeza kuziba tundu kwa welding, na kwa tundu moja lililotokana na jiwe, kwenye bati zima lililosafishwa vizuri, inaweza kukubalika. Kwa sampu iliyoliwa na kutu, hapana. Bati linalozunguka tundu ni jembamba kama karatasi. Joto likizidi linatoboka pembeni, na mwezi ujao kazi inaanza upya. Kipimo ni rahisi: gonga kwa kichwa cha bisibisi. Likitoa sauti ya kopo, tafuta nyingine.

Nyingine hupatikana. Kirinyaga Road jijini Nairobi, Gerezani na Kariakoo Dar es Salaam, Kisekka kule Kampala, sampu za mkono wa pili hufika pamoja na injini zilizokatwa. Mnunuzi aende na ile ya zamani mkononi, alinganishe tundu kwa tundu, na atazame ukingo wake. Ukingo uliobonyea kwenye matundu ya bolti unyooshwe juu ya kipande cha mbao kabla ya kufungwa. Tatizo hilo husababishwa na mafundi wanaokaza kwa nguvu zote wakidhani ndiyo uimara. Bati hubonyea, gasketi hufinyangwa, oili hupata njia. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kupishana, kidogo kidogo. Silikoni, ikitumika, iwe utando mwembamba, na iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya oili kutiwa. Wengi hawangoji, kwa sababu mteja amesimama hapo akitazama saa.

Anayenunua sampu nchi jirani akumbuke jambo moja la forodha. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Sampu iliyotoka Uingereza au India, hata kama imenunuliwa Kirinyaga Road kwa shilingi za Kenya, haigeuki kuwa ya Kenya. Risiti iwepo, na aulize dawati la forodha mwenyewe kabla ya kumlipa wakala. Kuificha chini ya magunia ili kuokoa ushuru wa kipande kimoja cha bati ni kuhatarisha mzigo mzima.

Oili iliyomwagwa isipelekwe mtaroni. Huwa na mnunuzi: wanaopaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa huichukua kwa dumu. Na baada ya kilomita mia moja za kwanza bolti zikaguliwe tena, injini ikiwa baridi, kwa sababu gasketi mpya hukaa na kulegea kidogo. Safari hizo mia moja ni bora ziwe za upande wa nyumbani.