Goma: Twende au Tubaki?



Juma lililopita, baada ya likirimba, tulibaki kwa neno moja: safari ya Goma. Kikundi cha wamama wa kule wametualika tukaone wanavyotengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese. Sisi wa Hombo mawese tunayo, lakini sabuni tunainunua. Na mama mmoja wetu ana sababu yake: binti yake amejifungua huko, na mjukuu bado hajambeba.

Wengine walikataa. Walisema Goma ni mji wa moto, wezi na vita. Tusiwacheke. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukafika Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye watu walikimbilia Sake, Rutshuru na Bukavu. Lakini walirudi. Wamejenga juu ya mawe yale meusi, na chukudu zinapita hapo na viazi na makaa. Mji ni ule ule, wa hatari na wa riziki.

Tulipoulizana vizuri, tuliona kwamba hofu yetu kubwa ni njia. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa nchi kavu wakiangalia. Ilikuwa imejaza kupita kipimo. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake, na mama mwenye bidhaa zinazooza hana siku ya kungojea.

Basi tumekubaliana hivi. Watakwenda wawili tu, na yule bibi awe mmoja wao. Watapita Bunyakiri na Miti mpaka Bukavu, walale kwa ndugu, kisha wapande mashua kubwa ya mchana. Wakikuta imejaa, au hakuna jile ya kuokoa kwa kila mtu, watarudi kulala. Nauli iliyopotea tutachanga tena. Mama aliyepotea hachangiwi.

Pesa za likirimba hazitaguswa, maana zina zamu na mwenyewe anazingojea. Watoto wa wasafiri tumeshagawana. Habari za Sake zikiharibika kabla ya siku, safari itakufa, na asiwepo wa kumwita mwenzake mwoga.

Kule wakifika, wasitembee usiku na simu mkononi. Na wajihadhari na mazuku, ile hewa mbaya inayokaa kwenye mabonde na mashimo kando ya ziwa. Haionekani, na mtoto huanguka kabla ya mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na udongo. Mtoto asitumwe wala asilazwe mahali pa chini.

Mama mmoja bado hakubali. Alisema, "Sabuni haina thamani ya mtu." Tulimjibu kwamba ana haki, na ndiyo sababu tumemweka yeye awe wa kupiga simu kila jioni.

Wakirudi, tutawaandikia hapa yote: bei, kipimo cha soda na mafuta, na huyo mjukuu anafanana na nani.