Mwalimu wa Muda Si Kibarua

Wako wakuu wa vyuo wanaodhani kwamba somo la utangulizi wa kompyuta ni jepesi, la kutupiwa mwalimu wa muda anayelipwa kwa saa. Fikra hizo ni potofu, tena ni za hatari.

Mwalimu huyo hulipwa saa za darasani tu. Saa za kuandaa somo, kutunga mitihani na kusahihisha hazimo katika hesabu. Hana ofisi wala meza. Mwanafunzi aliyekwama humvizia mlangoni. Huko si kubana matumizi, ni unyonyaji. Azimio la Arusha la 1967 lilidai kila afanyaye kazi apate pato la haki kwa jasho lake.

Anayeumia zaidi ni mwanafunzi. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine hizo kuleta hasara. Leo zimejaa maofisini. Lakini karani aliyekaririshwa vitufe vya kubonyeza, bila kuelewa mashine hupokeaje habari, huzihifadhije na huzipotezaje, hukwama siku programu inapobadilishwa. Ufahamu huo hupatikana katika somo la utangulizi, au haupatikani kabisa.

Basi vyuo havina budi kulipia saa za maandalizi, kumpa mwalimu huyo mahali pa kuonana na wanafunzi, na kumwita katika vikao vya idara. Ajengaye msingi wa nyumba hafanywi mpita njia.