Marekani: Sahihi ya bwana isiwe mnyororo
Mwanamke wa Goma ao Bukavu anayemfuata bwana yake Marekani kabla ndoa yao haijatimiza miaka 2 anaweza kupewa kadi ya ukaaji yenye masharti, ya miaka 2 tu. Katika siku 90 za mwisho, wote wawili huomba pamoja masharti yaondolewe, kwa fomu I-751. Bwana mkali hugeuza sahihi yake kuwa fimbo.

Lakini tangu 1990, sheria inamruhusu anayeteswa kuomba peke yake, bila kungoja siku hizo wala talaka, akionyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli na kwamba aliteswa. Familia zinazomwambia avumilie kwa ajili ya makaratasi zinamkosea. Zimwambie atunze vithibitisho: picha, mkataba wa nyumba, ripoti ya polisi ao ya daktari.